Hina Mbichi

Sifa njema ni Zake aliyemjaalia mwanadamu kusahau ili aweze kuishi, kisha akamjaalia kukumbuka ili ajue kwamba aliishi.

Alfajiri ya mwezi ishirini Rajabu, mwaka 1510 wa Hijra, Bi Kazija binti Faki aliukunja mswala wake, akaurudisha kabatini, akaenda kumvisha mtoto Pazia. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa muuguzi wa watoto katika Hospitali ya Darushifaa, kisiwani Pemba, na katika ishirini na miwili ya mwisho kila siku ya kazi ilianza hivyo: sala, kisha Pazia.

Mtoto wa siku hiyo aliitwa Mize, umri wake miaka minane. Alikuwa amekaa kitako kitandani, amenuna, mkono wake wa kushoto umelala mapajani. Vidole vya mkono huo vilikuwa vimejikunja na kugandamana na kiganja tangu alipokuwa na miaka mitatu, yalipommwagikia mafuta ya moto ya vitumbua. Asubuhi hiyo madaktari wangeikata ngozi iliyovuta, wavinyooshe vidole, kisha waufunike mkono kwa ngozi changa iliyooteshwa chupani kutokana na ngozi yake mwenyewe.

"Nina njaa," alisema Mize.

"Najua, mwanangu. Anayelazwa kwa dawa sharti tumbo lake liwe tupu, chakula kisije kikapanda kikamwingia mapafuni."

"Na maji?"

"Uliyokunywa saa kumi na moja ndiyo hayo. Mengine utayakuta ukiamka."

"Itauma?"

Bi Kazija alimtazama usoni. "Itauma," akasema. "Ila hutakumbuka."

Akamvisha kichwani kitanzi cha madini laini, chembamba kama ukosi wa kanzu, akakibonyeza ubavuni. Taa ndogo ikawaka kijani. Pazia lilikuwa limefunguliwa.

Chombo chenyewe kilikuwa hivi. Kumbukumbu ya mtu, ingali changa, ni kama hina mbichi iliyopakwa mkononi: ukiiosha mapema ngozi hubaki ilivyokuwa, ukiiacha ikauke rangi imeshika. Kitanzi kile kiliizuia hina isikauke. Tangu kuvishwa kwake, kila alichokiona mtoto, alichokisikia na kilichomtisha kilikaa kikingoja. Na baada ya upasuaji, kabla hazijatimia saa mbili tangu mtoto afumbue macho, muuguzi alilifunga Pazia na yote yakaoshwa. Mtoto alirudi kwao akidhani amelala jana na kuamka leo, na mshono juu ya mwili. Haikuwezekana kuosha kipande na kuacha kipande. Ama yote, ama hakuna.

*

Saa moja kasorobo akaingia Bi Time, bibi yake Mize, ameshika chupa ya uji kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono wa pili, kwa maana pumzi zilikuwa zimemwishia ngazini. Ndiye aliyemlea mtoto huyo tangu siku mbili za uhai wake, mamaye alipofariki katika uzazi.

"Mke mwenzangu, umeamkaje?" alisema, kama alivyosema kila asubuhi, kwa utani wa bibi na mjukuu.

Mize akageuza uso ukutani.

Bi Kazija alijua sababu. Jana alasiri alikuja shangazi mmoja kumtazama mgonjwa, na katika maneno ya kupisha wakati akasema, "Masikini Time, siku ile alikuwa hajui ashike karai au ashike mtoto." Kumbe Mize, kwa miaka mitano, alikuwa akiambiwa kwamba alijiunguza mwenyewe kwa utundu wake. Shangazi alipoondoka, mtoto alipiga kelele wodi nzima ikasikia: "Wewe ndiye uliyeniunguza! Ukaniambia ni mimi! Sikutaki, na sikusamehi mpaka kufa!" Bi Time aliondoka akishika kuta.

Sasa aliiweka chupa chini, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ni mimi, Mize," alisema. "Jirani aliniita mlangoni, nikenda kumjibu, nikaliacha karai juu ya jiko. Nilipogeuka ulikuwa umeshalivuta. Nikasema umejiunguza kwa kuwa niliona haya. Kwanza niliwaona haya watu, kisha nikakuona haya wewe. Leo unaingia kwa mafundi wa kisu, na aingiaye kwa mafundi hawekeani kinyongo na mtu. Nihalalishie, mwanangu."

Bi Kazija alijifanya anahesabu mashuka.

"Uliogopa?" Mize aliuliza ukuta.

"Mpaka leo ninaogopa. Tangu siku ile sijakaanga kitumbua."

"Ndiyo maana tunanunua?"

"Ndiyo maana."

"Na vya kununua vibaya!"

"Vibaya kweli," alisema Bi Time, na wote wawili wakacheka, mmoja akilia.

Mize akageuka. "Nimekusamehe. Lakini usinidanganye tena."

"Sikudanganyi tena."

"Mkono ukinyooka, Sikukuu utanitia hina? Huu kwanza, halafu ule mwingine. Siku zote wananitia mmoja tu."

"Nitakutia," alisema Bi Time, kisha akajishika, kama mtu aliyekumbuka sharti la neno alilokwisha kulitoa. "Nitakutia mpaka kiwikoni, inshallah."

Alipotoka, Bi Kazija alimsindikiza hadi kwenye benchi la ukumbini. Bi Time alikuwa amekwisha kutia sahihi ya Pazia siku tatu kabla. Aliyeuguza majeraha yale nyumbani hakutaka mjukuu wake akumbuke kisu.

"Haya tuliyosemezana," aliuliza kwa sauti ndogo, "nayo atayasahau?"

"Nayo, Bi Time. Kitanzi kilishavishwa."

Bibi akafikiri, akitafuna mdomo. "Basi si kitu. Nitamwambia tena kesho."

*

Kulikuwa na neno moja lililozaliwa na Pazia, likaenea wodini kama ukungu wa kuta za chokaa: *hatakumbuka*. Aliyemchoma sindano mtoto bila kumwonya alisema hatakumbuka. Aliyemtoa mtoto mikononi mwa mama kwa haraka, kwa kuwa mafundi wangoja, alisema hatakumbuka. Hata akina mama, ambao zamani hawakubanduka mlangoni, walianza kubaki makwao na kuja jioni, Pazia likiisha kufungwa. Kwa nini nikae nikamwona analia, naye hatakumbuka kwamba nilikuwapo?

Bi Kazija aliyakumbuka ya kabla. Alipokuwa mwanagenzi, mwalimu wake, Sista Maua, mwanamke mnene aliyenuka karafuu, aliwafunza kumwingiza mtoto usingizini kama mtu amwingizavyo mgeni nyumbani: kwa hodi. Barakoa ya dawa kwanza huvishwa mwanasesere. Kisha huvishwa muuguzi mwenyewe, mtoto acheke. Kisha mtoto huishika kwa mkono wake, akapuliza kana kwamba anapoza uji. Mama hutembea naye mpaka mstari mwekundu sakafuni, na hapo mstarini muuguzi hupokea mkono kabla mkono wa mama haujaachia. Mtoto asibaki na mikono mitupu hata kitambo cha kupepesa jicho. Na wimbo ulikuwapo, Sista Maua akiutoa kwa sauti nzito iliyotetemesha vyuma vya kitanda:

*Lala mwanangu tulia,*
*usingizi waingia,*
*nami nakusubiria,*
*hadi utapoamka.*

Wimbo ule haukupigwa marufuku na mtu. Ulikoma wenyewe, kwa kukosa wa kuukumbuka.

Asubuhi hiyo chumba cha upasuaji kilikuwa na foleni. Mize aliiona barakoa, akarudisha kichwa nyuma, akasema, "Ngojeni kwanza, ngojeni, sijawa tayari."

"Mshikeni," alisema Daktari Kombo, mtaalamu wa dawa za usingizi, kijana mstahiki, si mkatili. Macho yake yalikuwa kwenye vipimo. "Hatakumbuka."

Wauguzi wawili wakamshika miguu. Bi Kazija, Mungu amsamehe, alimshika mabega. Mtoto alipiga kelele ndani ya barakoa mara tatu. Mara ya nne haikutoka.

*

Saa tatu na nusu, mafundi wakiwa bado kazini, mfagiaji alikuja kumwita Bi Kazija kule ukumbini. Bi Time alikuwa ameegemea ukuta, mtandio umeteremka kidogo, tasbihi imelala kwenye vidole. Moyo wake mchovu ulikuwa umesimama. Walijaribu yote yanayojaribiwa. Mwisho Bi Kazija alimfumba macho, akamsomea aliyojaaliwa, akamfunika uso kwa mtandio wake mwenyewe. Chupa ilikuwa chini ya benchi. Aliifungua pasipo kujua kwa nini. Uji wa mtama, bado unafuka moshi.

Akasimama pale, kifuniko mkononi, na hesabu ya jambo ikamjia nzima kwa mara moja. Ugomvi ulikuwa jana, nje ya Pazia. Upatanisho ulikuwa leo, ndani yake. Mtoto ataamka, Pazia litafungwa, na neno la mwisho baina yake na bibi yake litabaki kuwa *sikusamehi mpaka kufa*.

*

"Nasikitika, Bi Kazija," alisema Daktari Kombo walipokutana kwenye chumba cha kuamkia, mtoto amelazwa ubavu kati yao, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. "Nasikitika kweli. Lakini sahihi ipo."

"Aliitia akijua ana kesho."

"Sheria haiulizi. Mwenye sahihi akifa, sahihi yake hubaki. Mjomba mtu yuko Mombasa, hafiki mpaka kesho. Ukiliacha Pazia wazi kwa amri yako unavuliwa leseni, na umebakiwa na miezi mingapi ustaafu?"

"Minne."

"Minne! Bi Kazija, mkono huu haujaisha. Atarudi hapa mara mbili zaidi. Akiikumbuka asubuhi ya leo, kila akiiona barakoa atatetemeka. Hiyo ndiyo huruma? Lifunge, kisha umhadithie wewe. Ulikuwapo, ulisikia kwa masikio yako. Atakuamini."

Bi Kazija aliinyoosha shuka ya mtoto. Alikuwa akimwona kijana aliyekuja wodini miaka mitatu nyuma, amevaa nadhifu, siku chache kabla ya harusi yake. Alipasuliwa pale akiwa na miaka sita, na mamaye, aliyemsindikiza hadi mlangoni, aliaga dunia jioni ile ile kwa ajali ya barabarani. Kijana aliuliza jambo moja tu: mama aliniambia nini asubuhi ile? Bi Kazija alilitafuta neno lile katika maelfu ya asubuhi, asilipate. Akamwambia, alisema anakupenda. Kijana akatabasamu kwa adabu, akajibu, "Shukrani, bibi. Hilo angeambiwa yeyote."

"Kuhadithiwa," alisema sasa, "ni kula kwa mdomo wa mwenzio."

"Hayo ni maneno ya mashairi."

"Basi nikwambie ya nathari. Asubuhi alisema tumngoje, hatukumngoja. Tulimshika watatu, na mmoja ni mimi. Daktari, unamwonea huruma mtoto, au unamwogopa shahidi?"

Daktari Kombo akainamisha uso. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Saa mbili," alisema hatimaye. "Zikipita, mimi siwezi kukuokoa." Akatoka.

*

Mize alifumbua macho saa sita na dakika kumi. Kwanza alilia bila sauti, kisha kwa sauti. Bi Kazija alikuwa ameshampa dawa ya maumivu, akaongeza kipimo kilichoruhusiwa; lakini ngozi changa, inaposhikana na nyama, huwaka kwa namna ambayo dawa huipunguza na haiimalizi.

"Unauma! Bi Kazija, unauma!"

"Naam, mwanangu, unauma. Niko hapa."

"Mlinibana! Nilisema mngoje!"

"Ulisema. Tulikosea. Nisamehe."

"Lifunge! Yule wa kitanda cha pili kaniambia ukilifunga mtu hajui lolote. Lifunge Pazia, sitaki kujua!"

Hilo Bi Kazija hakulitazamia. Mtoto mwenyewe alikuwa akiomba, na yeye peke yake katika chumba kile ndiye aliyejua Mize alikuwa akiomba kupoteza nini. Kumwambia kwamba bibi yake amefariki, akiwa katikati ya moto ule, ilikuwa kumuunguza mara ya pili. Kutomwambia, ilikuwa kuamua kwa niaba yake. Kidole chake kilikwenda mpaka ubavuni mwa kitanzi, kikakigusa kitufe. Akaisikia pumzi yake mwenyewe. *Ya Rabbi,* alisema moyoni, *ikiwa ninamwonea, nilipe mimi, usimlipishe yeye.*

Akakiondoa kidole.

Kisha akafanya yale ambayo mikono yake haikuwa imeyafanya kwa miaka ishirini na miwili, ikayakumbuka yote. Alilileta blanketi kutoka kwenye kabati la joto, akamfunika hadi kidevuni. Aliuinua mkono uliofungwa juu ya mto, juu kuliko moyo, damu isije ikaujaa. Akazitazama ncha za vidole zilizochomoza kwenye bandeji, akaziminya moja moja: nyeupe, kisha waridi, damu inapita. Akachovya pamba katika maji, akaipitisha midomoni. Akaweka kiganja kifuani na kuhesabu pumzi pamoja naye: vuta, toa, moja, vuta, toa, mbili. Na walipofika ishirini, sauti yake ya uzee, iliyokwaruza, ikaanza pasipo kuombwa: *Lala mwanangu tulia...*

"Wimbo gani huo?" aliuliza Mize katikati ya kwikwi.

"Wa zamani."

"Sauti yako mbaya."

"Ungemsikia mwalimu wangu ungekimbia na bandeji yako."

Akaimba tena. Akaimba mara nyingi. Saa nane na dakika kumi taa ya kijani ikazimika yenyewe, na kitanzi kikawa pambo tu. Bi Kazija akakivua. Akafungua daftari la wodi, akaandika kwa mwandiko wa kusomeka: *Pazia halikufungwa. Kwa amri yangu mimi, Kazija Faki.*

*

Bi Time alizikwa alasiri ile ile, kama ilivyo haki ya maiti. Kesho yake asubuhi barua ya kuitwa mbele ya baraza la wauguzi ilikuwa mezani kwa Bi Kazija, naye aliisoma, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Saa nne akafika mjomba wa Mize, Hamad, mtu mrefu mwenye macho ya kukesha, viatu bado vina udongo wa makaburini alikopitia kwanza. Usiku kucha maumivu yalikuwa yamepungua, na Mize alikuwa amekunywa uji wote. Alikuwa ameuliza mara mbili mbona bibi haji, na mara mbili Bi Kazija alimjibu, "Mjomba anakuja kukuambia," kwa kuwa hakutaka kudanganya.

Hamad alimwambia. Hakuzunguka, alimshika mkono mzima akamwambia kama watu wazima wanavyoambiana. Kilio cha mtoto kiliwafanya wagonjwa wa vitanda vyote wanyamaze. Bi Kazija alisimama mguuni pa kitanda, na wakati ule hakuwa na hakika ya lolote. Mtoto huyu sasa alikuwa na vyote: kisu, barakoa, moto, na mauti. Yeye ndiye aliyemwachia.

Kilio kilipopungua kikawa kupwita kwa mabega, Hamad, ambaye shangazi alikuwa amekwisha kumsimulia kelele za juzi, akataka kumfariji. "Na yale maneno uliyomwambia bibi, usiyatie moyoni. Ulikuwa na hasira. Najua yeye hakuyahesabu."

Mize akainua uso. Ulikuwa umevimba, na ndani ya uvimbe ule kulikuwa na mshangao, kama mtu anayesahihishiwa jina lake mwenyewe.

"Tulishapatana, mjomba. Jana asubuhi. Aliniomba nikamsamehe, tukacheka habari ya vitumbua." Akafikiri. "Nikamwambia asinidanganye tena, akasema hanidanganyi."

Bi Kazija alikuwa amekwisha kufungua kinywa ili ashuhudie. Akakifunga.

Mize aliutazama mkono wake mweupe wa bandeji juu ya mto, mkono uliokuwa umenyooka kwa mara ya kwanza tangu akumbuke. Machozi yakaanza upya, lakini alizungumza ndani yake, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayehukumu kwa haki.

"Alisema Sikukuu atanitia hina mpaka kiwikoni," alisema. "Lakini alisema inshallah. Nilimsikia. Hakunidanganya."